Mke wa Msafiri Hakuandika Barua

Rafiki yangu, haya nakwambia wewe kwa sababu najua utanisikiliza mpaka mwisho bila kunihurumia haraka. Vuta kigoda. Upepo wa Makambako hauna adabu, unapita hadi chini ya mlango, kwa hiyo jiko nimelisogeza karibu na mashine, na chai ipo. Nataka kukusimulia kitabu kimoja cha zamani na barua zilizokuwa ndani yake. Halafu nikusimulie barua nyingine, iliyokuja hapa nyumbani ikalala kabatini mpaka ikakaribia kumkosesha binti yangu ndoa. Kwangu mimi hizo ni habari moja. Siwezi kuitoa hii bila ile.

Mimi nafuma masweta ya shule. Nina mashine ya kufumia, ile ya kusukuma mkono kwenda na kurudi, na nyuzi za bluu, za kijani na za damu ya mzee. Wengine wana mashamba ya mahindi, wengine miti, siku hizi wengi wana parachichi. Mimi shamba langu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba, watoto wakitoka asubuhi pua zinavuja, ndiyo mavuno yangu.

Mume wangu ni Mkinga wa Makete, mimi Mbena wa Njombe. Tulihamia hapa Makambako kwa sababu ya njia panda. Mfanyabiashara anapenda mahali ambapo magari yanasimama. Alikuwa anashughulika na mbao. Mbao za karibu zilipoanza kugombewa na watu wengi, akafuata wapasuaji wengine kuelekea Ruvuma, na baadaye nikasikia wamevuka mto, wako upande wa Msumbiji. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Baadaye Jumapili moja moja. Baadaye nikawa nampiga mimi, na yule dada wa kwenye simu ananijibu kwamba namba ninayopiga haipatikani. Yule dada nimemzoea. Nimeongea naye kuliko nilivyoongea na mume wangu.

Sikuwahi kupata habari ya msiba wala habari ya mke mwingine. Hilo ndilo gumu. Mjane ana nguo yake na ana nyimbo zake. Aliyeachwa naye ana maneno ya watu, angalau anajua asimame wapi. Mimi nilikuwa mke wa mtu aliyesafiri, basi.

Binti yetu ni mmoja. Alipomaliza kidato cha nne akapata kazi Njombe mjini, kwenye banda la kufungasha parachichi, akapanga chumba huko. Nyumba ikabaki na mimi na mashine. Ndipo nilipojiandikisha masomo ya jioni. Watu walidhani natafuta cheti. Cheti nilikitaka, sikatai, mimi niliishia darasa la saba. Lakini ukweli ni kwamba saa za jioni ndizo zilizokuwa zinanishinda. Mchana unafuma, wateja wanaingia. Jua likishuka nyuma ya miti unasikia nyumba inavyonyamaza.

Darasa letu lilikuwa kwenye shule ya msingi, watoto wakishatoka. Madawati ya watoto. Sisi watu wazima tunakaa magoti yamegusa kidevu. Mbele yangu alikaa mlinzi wa ghala la mbao, baba mwenye mwili, akikaa dawati linalia. Pembeni yangu alikaa mama muuza chipsi, jirani yangu wa nyumba ya tatu, anakuja na harufu ya mafuta na daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mwalimu wetu alikuwa binti mdogo kuliko sisi wote, lakini tulimwita Mwalimu, na yeye alituita mama na baba. Alikuwa na uvumilivu wa mtu anayepukuchua mahindi.

Siku moja akaja na kitabu. Jalada lilishachanika, kurasa za mwanzo hazipo, kwa hiyo jina lake silijui mpaka leo. Kilikuwa riwaya ya safari, ya zamani sana, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kile cha wazee. Tulikuwa na nakala moja tu, basi tunasoma kwa zamu, kwa sauti.

Ni habari ya mtu aliyetumwa kutafuta njia ya kupitisha misafara kwenye milima mikubwa ambayo hakuna aliyewahi kuivuka. Amemwacha mkewe mjini, kwenye nyumba yenye ngazi. Amekubaliana na mwenzake kwamba yeye atatangulia, mwenzake atafuata nyuma. Kila anapopiga kambi anamwandikia mkewe barua, anaikunja mara tatu, anaiweka kwenye kopo, anaifunika kwa rundo la mawe, ili mwenzake akipita aichukue aipeleke. Halafu anaendelea. Kuna mito inayochukua watu, kuna wezi wa farasi, kuna theluji. Mlinzi akawa anasoma sehemu za mapigano amesimama kabisa. Na kila baada ya mapigano, barua. Kila baada ya mto, barua.

Sasa sisi wasomaji tunajua kitu ambacho yeye hajui. Yule mwenzake alikufa kwa homa mtoni, mwanzo kabisa wa safari. Nyuma yake hakuna mtu. Anaandika, anakunja, anafunika, na hakuna anayekuja.

Tulipofika hapo mama wa chipsi akafunga daftari. "Mwalimu, mimi hiki kitabu kinaniumiza tumbo. Si amwambie mtu?"

"Amwambie nani, mama? Ni kitabu."

"Amwambie tu!"

Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo, maana kwenye mfuko wa sweta nilikuwa na simu, na kwenye simu kulikuwa na ujumbe niliomtumia mume wangu jana yake. Nilikuwa namwandikia kila jioni. Mambo madogo tu. Mvua imenyesha. Kwaya tumepata sare mpya. Fundi amekuja kupiga bati. Na kila ujumbe una tiki moja. Unaijua ile tiki moja, rafiki yangu. Umetuma, haujafika. Nikivuta juu naziona zimejipanga, tiki moja, tiki moja, kama mawe ya yule msafiri.

Ni katika kipindi hicho ndipo barua ya posa ikaja.

Ilikuwa Jumamosi, nafuma mkono wa sweta. Wakabisha wazee wawili wamevaa makoti, mmoja ana mwavuli ingawa hakukuwa na mvua.

"Kamwene, mama. Bwana asifiwe."

"Amina. Karibuni ndani."

Wakakaa, wakanywa chai, wakasifu mashine. Yule wa mwavuli ndiye aliyekuwa mshenga. Akakohoa.

"Mama, sisi hatukupotea njia. Tumetumwa kutoka Njombe. Kuna kijana wetu ameona kitu hapa kwenu."

"Kama ni sweta, yapo," nikasema. Wakacheka, lakini mimi nilishajua, maana binti alishanidokeza.

"Si sweta, mama. Mwenye nyumba yupo?"

"Amesafiri."

"Anarudi lini?"

"Atakaporudi."

Wakatazamana. Mshenga akatoa kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, ndani yake barua. Nikanyoosha mikono miwili kuipokea kwa heshima. Hakunipa. Akaiweka mezani, kando ya kikombe chake.

"Usinielewe vibaya, mama. Nilivyolelewa mimi, barua ya posa inapokelewa na mkono wa baba, au ndugu wa baba. Mimi naiacha mezani. Atakayeipokea aipokee."

Wakaondoka. Mikono yangu ilikuwa bado imebaki hewani kidogo. Sikumchukia. Alikuwa na adabu kuliko wengi, na alisema alichofundishwa. Lakini niliiangalia ile barua pale mezani nikaona kama imewekwa kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kwetu barua ya posa hailiwi ikiwa ya moto. Inalazwa kwanza, ili wasije wakasema mmekuwa na haraka ya kumtoa mtoto. Nikaiweka kabatini, juu ya Biblia, bado ipo ndani ya kitambaa chake. Jioni ile nikamwandikia mume wangu: Mwanao ameletewa posa. Tiki moja.

Nikampigia kaka yake, shemeji yangu, anayelima viazi Iwawa, kwao Makete. Kule mtandao unapatikana ukipanda kilima, kwa hiyo tukawa tunapigiana kelele.

"Shikamoo, shemeji!"

"Marahaba! Mbona unalia?"

"Silii, ni upepo! Binti ameletewa barua!"

"Ehee! Mungu mkubwa! Umeifungua?"

"Bado. Nataka uje uipokee wewe."

"Shemeji, mimi nikiipokea ni kama nasema ndugu yangu amekufa. Mwenyewe yupo. Mkinga hapotei, anafuata bei."

"Miaka yote hii bei haijashuka tu?"

"Usinichekeshe. Nakwambia, usiifungue. Mwanamke hajibu posa. Ukijibu wewe, watasema ukoo wetu umekwisha. Msubiri mwenyewe."

Nikasubiri. Nilizoea kusubiri, ilikuwa kazi yangu ya pili. Viazi vya shemeji vikang'olewa, vikapandwa vingine. Kila nikifungua kabati kuchukua Biblia naisogeza ile barua, naichukua Biblia, nikimaliza narudisha zote mbili. Ilikuwa nyepesi kabisa, karatasi na kitambaa, lakini niliisogeza kwa mikono miwili.

Halafu binti akaja nyumbani Jumapili moja. Hakunywa chai. Alikaa kwenye kigoda hicho ulichokalia.

"Mama, wanauliza."

"Waambie tunamsubiri baba yako."

"Nimeshawaambia. Mama, kule kwao wanasema kimya ni jibu. Mzee wao amesema kama hakuna neno mpaka Sikukuu ya Mavuno, mshenga atakuja kuchukua kitambaa chao. Kitambaa kikirudi, imekwisha. Wameshaanza kumtajia msichana mwingine wa kwaya."

"Na yeye kijana anasemaje?"

"Anasema nikuombe." Akaanza kuvuta uzi kwenye sweta lake, nikampiga mkono, atafumua. "Mama, mimi baba nampenda. Lakini baba anaweza kukaa huko mpaka mimi nizeeke. Tutamsubiri na hili pia?"

Nilimsindikiza stendi, nikarudi, nikasukuma mashine mpaka bega likauma.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunamalizia kitabu. Zamu ya kusoma ilikuwa ya mama wa chipsi. Huko milimani kuna mama mmoja mfugaji wa kondoo, mzee, hajui kusoma. Anakuta rundo la mawe mahali ambapo hapakuwa na mawe. Anafukua, anakuta kopo, anakuta karatasi. Anaigeuza huku na huku. Haelewi kitu, lakini anaona jinsi ilivyokunjwa, mara tatu, kingo zimekutana sawasawa, anajua aliyekunja alikuwa anampenda mtu. Anaikunja vilevile, anairudisha. Halafu juu ya rundo anaongeza jiwe lake moja, na chini ya jiwe anabana sufu kidogo ya kondoo. Anafanya hivyo kwenye kila rundo analokutana nalo, kila mwaka akipandisha kondoo.

Mwisho wa kitabu msafiri anarudi. Mzee, vidole vya miguu vimeliwa na baridi. Anapita njia ileile, anaona mafungu yake ya mawe yamekuwa marefu kuliko alivyoyaacha, na sufu inapepea. Anakaa chini. Kitabu kinaishia hapo. Hakisemi kama mkewe yu hai.

Mama wa chipsi alimaliza kusoma, akamrudishia Mwalimu kitabu. Mwalimu akaandika ubaoni: Barua katika riwaya hii zinaashiria nini?

"Ujinga," mlinzi akasema. "Mtu mzima unaacha karatasi porini!"

"Wewe nyamaza," mama wa chipsi akamgeukia. "Wewe si ndiye unamtumia mkeo 'niko kazini' na uko kwenye pombe ya ulanzi? Barua yako hiyo inaashiria nini?"

Darasa likavunjika mbavu. Mlinzi naye akacheka mpaka dawati likalalamika. Mwalimu akangoja, akaandika: matumaini. Akasema ndilo jibu ambalo wasahihishaji wanalitarajia, kwa sababu mtu anayeandika bado anaamini kuna atakayesoma.

Nikanyoosha mkono. Sikuwa mtu wa kunyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona mkewe hakuandika?"

"Nani, mama?"

"Mke wa msafiri. Kitabu kizima hatujasoma barua yake hata moja."

Mwalimu akafungua kitabu kama anayetaka kuitafuta. Mlinzi ndiye aliyejibu, na safari hii hakutania. "Hakuwa na pa kuituma."

"Ndiyo," nikasema. "Anayekwenda anaweza kuacha barua njiani. Anayebaki aiache wapi?"

Nikaona aibu, nikataka kukaa, Mwalimu akaniambia endelea. Nikasema nafikiri barua si ya aliyeandikiwa tu, ni ya yule aliyefikiwa nayo, kama yule mama wa kondoo.

Mwalimu akatikisa kichwa polepole. "Hapo nakukubalia nusu, mama. Yule mama hakuifanya kuwa yake. Aliikunja vilevile akairudisha. Alikuwa anaitunza kwa ajili ya mwenyewe."

"Mlinzi!" mlinzi akasema. "Kumbe kuna mimi humo!"

"Mlinzi, ndiyo. Lakini," Mwalimu akasema, na alikuwa anafikiri huku anaongea, nilimwona, "mlinzi tu asingeongeza jiwe. Aliyeandika hayupo, aliyeandikiwa hayupo, na bado yule mama akaona haifai barua ikae bila mtu kuonyesha kwamba amepita. Hilo mimi sikuliona mwaka jana nilipokifundisha."

Nilirudi nyumbani na mama wa chipsi, jua linazama, upepo umetulia. Yeye alikuwa anaongea habari za bei ya viazi. Mimi nilikuwa naiona barua kabatini. Nilikuwa nimeitunza vizuri. Sikuifungua, sikuikunja vibaya, sikuimwagia chai. Nimekuwa mlinzi mwema. Lakini juu yake sikuweka jiwe hata dogo.

Nilipiga magoti kando ya mashine. Nikwambie kitu, rafiki yangu, kwa Mungu sijawahi kuangalia tiki. Sijui kwa nini kwa binadamu naangalia. Niliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, na sikusikia sauti, sitakudanganya. Niliposimama magoti yanauma, nikafungua kabati, nikafungua kitambaa, nikafungua barua.

Ilikuwa fupi kuliko woga wangu. Walijitambulisha, wakataja usharika wao, wakasema kijana wao amempenda binti yetu na wao wazazi wameridhia, wanaomba wakaribishwe. Salamu katika Kristo. Kwa hiyo kitu nilichokuwa nakisogeza kwa mikono miwili kilikuwa ni watu wanaobisha hodi.

Nikachukua daftari la darasani, nikachomoa karatasi ya katikati ili isionekane imechanika. Mwalimu alitufundisha barua ya kirafiki na barua rasmi. Hii sikujua ni ipi. Nikaandika anwani kulia, kama rasmi, halafu nikaandika kama kirafiki. Kabla ya hapo sikuwahi kuandika barua ikaenda mahali. Niliandika hivi, nakumbuka, maana nilirudia mara nyingi kabla ya kuinakili safi:

Barua yenu imefika. Baba wa binti amesafiri na hatujui alipo, tunamwombea. Mimi mama yake nipo. Nimeipokea kwa mikono miwili na nimeisoma. Binti amekubali na mimi nimebariki. Karibuni, siku mtakayochagua, nyumba itakuwa na moto.

Chini nikaandika: Mama. Nikaweka sahihi yangu, ile ninayoiweka kwenye risiti za masweta.

Asubuhi nikampigia shemeji.

"Shemeji, nimejibu barua."

Upepo wa Iwawa ukasikika kwenye simu. "Umejibu, au unataka kujibu?"

"Nimeshajibu."

"Sasa unanipigia ya nini?"

"Siku wakija nahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti cha baba, kile cha mkono wa kulia. Kiti kipo, na wewe ni baba yake mkubwa. Sikuombi ruhusa, shemeji. Nakualika."

Mwisho akasema, "Wewe mwanamke." Halafu: "Nitakuja na viazi."

Ilibaki siku moja kufika Sikukuu ya Mavuno. Nikaenda Njombe mwenyewe, barua iko ndani ya kitambaa changu, nilikipiga pasi na kukifuma ukingo wa bluu. Nilimkuta mshenga nyumbani kwake anapanga mahindi kwenye kihenge. Nikamsalimia, nikamnyooshea. Akaiangalia mikono yangu.

"Weka mezani, mama," akasema. Halafu akafikiri. "Hapana. Hapa nje hakuna meza." Akafuta mikono kwenye koti, akaipokea.

Nilingoja kwenye chumba cha binti. Chumba kidogo, kitanda, jiko, picha yetu watatu ukutani, baba yake amevaa sweta la kijani. Binti akakaanga mayai, hakuna aliyeyala.

"Mama, wakikataa kwa sababu ni wewe umeandika?"

"Wakikataa nitaifuata barua yangu, nirudi nayo nyumbani. Siwezi kuiacha kwa watu wasioitaka."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umejibiwa, mwanangu. Hutabaki unaangalia simu."

Akaniegemea begani. Hakuwahi kuniuliza habari ya zile tiki, lakini nilijua siku ile kwamba anajua.

Jua likiwa linashuka mshenga akaja. Hakukaa.

"Wamesoma," akasema. "Mzee akauliza, hii kaandika nani? Nikasema, mama. Akauliza, hakuna mwanaume? Nikasema yupo aliyesafiri, na yupo aliyeandika, mimi nimeipokea kutoka kwa aliyeandika."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Mkewe ndiye aliyesema, isomeni tena. Ikasomwa tena. Ndipo mzee akasema, hii nyumba ina moto. Wanauliza waje lini."

Binti akaangua kilio, na mimi nikakaa naye kitandani.

Walikuja. Shemeji alikuja na viazi magunia mawili, akakaa kwenye kiti cha kulia, akahutubia kana kwamba ile barua ameiandika yeye, mwanzo mpaka mwisho. Mama wa chipsi akanikonyeza kutoka jikoni. Nikamwacha. Kila mtu aongeze jiwe lake. Ndoa ilifungwa Njombe, na tulipomkabidhi binti yangu, mkono wake wa kushoto aliushika shemeji, wa kulia niliushika mimi.

Sasa yupo kwao. Anapiga simu Jumapili baada ya ibada, na mimi najifanya sina mashaka kwamba Jumapili ijayo atapiga tena. Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja, hata ukiiona ndogo. Jioni nafunga mashine, na ule ukimya unakuja unakaa hapo ulipokaa wewe. Siulaani. Nasoma Zaburi kwa sauti, ili nyumba isisahau sauti ya mtu. Mtihani nilifanya, swali la barua likaja, nikaandika matumaini. Nilipasi. Lakini sikuandika yote ninayojua.

Mume wangu simtumii tena ujumbe. Si kwa hasira. Siku moja ile namba ilipata tiki ya pili, nikaruka, kumbe imeshapewa mtu mwingine, kijana mpole, akaniandikia, "Mama, samahani, si mimi." Kwa hiyo barua zangu zote alizisoma yeye, habari za mvua na za bati. Hakuzicheka. Nilimshukuru.

Ndiyo maana habari hii nimekupa wewe mkononi. Sina anwani ya ninayemwandikia, ila najua habari zinatembea kwa watu. Ukimaliza usiiweke kabatini. Msimulie mwingine, naye amsimulie mwingine, hasa wanaokwenda kusini kwenye mbao. Kama huko kuna mwanaume wa makamo mwenye sweta la kijani, kiwiko cha kulia kimetiwa uzi wa bluu kwa sababu wa kijani uliniishia, aambiwe binti yake ameolewa, barua ilijibiwa, na moto hapa upo. Na kama humkuti, basi mpe yeyote utakayemkuta.